Wengi hupotelea mwaka wa pili: kwa mnaoanza uzamili

Kazi yangu chuoni ni kufuatilia mafaili ya wanafunzi wa shahada za juu, tangu usajili hadi jina lisomwe kwenye mahafali. Kila mwaka wa masomo unapoanza napokea sura mpya: walimu waliopewa ruhusa na halmashauri zao, wauguzi, wafanyakazi wa benki, vijana waliomaliza shahada ya kwanza juzi tu. Maswali yao ni yaleyale: ratiba iko wapi, na kontroo namba ya ada inapatikanaje. Tasnifu hawaiulizii, wanaiona iko mbali.

Mwaka wa vipindi wengi wenu mtauvuka salama. Kuna ratiba, kuna mtihani, kuna wenzako wa kukukumbusha. Shida huanza vipindi vikiisha. Kila mtu anarudi kwake, mwajiri anakudai kazini, watoto wanadai ada, na hakuna anayekuuliza sura ya kwanza imefikia wapi. Mwanafunzi anajiambia atampigia msimamizi akishapata cha kuonyesha. Wiki zinapita, anaanza kuona aibu, na kwa aibu hiyo anazidi kunyamaza. Faili lake linabaki kabatini, na mara nyingi aliyelala humo ni mtu mwenye alama nzuri kabisa.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usinyamaze, hata kama huna kitu. Kwa kawaida chuo hudai ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi sita. Wengi huiona kama karatasi ya kujaza tu. Ijaze kwa ukweli, andika kwamba uwandani hukufika kwa sababu uliuguza mzazi. Kamati inayoamua kama uongezewe muda inasoma hizo ripoti, na mtu aliyeandika shida yake kwa wakati husikilizwa tofauti na yule anayekuja na simulizi la miaka miwili kwa mkupuo.

Kuhusu msimamizi, malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba hajibu. Mengine ni ya kweli. Lakini ukichimba, mara nyingi unakuta wawili hao walikutana, wakazungumza vizuri, kila mmoja akaondoka na picha yake. Mwanafunzi anasubiri maoni, msimamizi anasubiri sura mpya. Dawa yake ni barua pepe fupi jioni ileile ya kikao, namna hii:

“Shikamoo Profesa. Nashukuru kwa muda wako leo. Nimeelewa kwamba nipunguze maswali ya utafiti yawe matatu, na kwamba sura ya pili nikuletee tarehe 14. Kama kuna nilichoelewa vibaya, naomba unisahihishe.”

Mistari mitatu tu. Haimkosei mtu heshima, na siku mambo yakiharibika una maandishi mkononi. WhatsApp tumia, kila mtu anaitumia, ila simu hupotea, na ujumbe wa sauti hauingii kwenye faili. Ukihitaji kubadilishiwa msimamizi, kanuni zinaruhusu. Anza na mratibu wa shahada za juu wa idara, kisha mkuu wa idara. Ukiruka moja kwa moja hadi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, barua yako itateremshwa hadi kwa mkuu wa idara yuleyule uliyemkwepa, na sasa atakuwa amenuna.

Sasa vibali, maana hapa watu hupoteza miezi. Tanzania Bara, Makamu Mkuu wa Chuo amepewa mamlaka, kwa waraka wa Serikali wa tangu mwaka 1980, ya kuwapa kibali cha utafiti wanafunzi na wafanyakazi wa chuo chake kwa niaba ya Serikali na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtafiti mgeni kutoka nje ya nchi huomba COSTECH yenyewe. Ukigusa afya za watu unahitaji pia kibali cha maadili, kutoka bodi ya chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kutegemea utafiti wako. Zanzibar ina utaratibu wake, usivuke bahari na barua ya Bara ukidhani inatosha. Anayekwenda kukusanya data Kenya aanzie NACOSTI, tume ya sayansi ya huko.

Barua ya chuo ikishatoka, ndipo safari yenyewe inapoanza. Inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Unaifikisha masjala, inagongwa mhuri wa kupokelewa, unaambiwa urudi. Ofisi ya mkoa inaandika barua nyingine kwenda wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri, naye anamwandikia mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi ina masjala yake na mtu mmoja wa kusaini, na mtu huyo huenda yuko kwenye ziara ya kiongozi. Ukipanga wiki mbili za uwandani, ya kwanza inaweza kwisha bila kumhoji mtu hata mmoja. Tembea na nakala za kutosha, zenye mhuri. Karani mwenzangu wa masjala, yule dada ambaye wengi humpita bila salamu, ndiye anayejua barua yako iko meza ya nani. Msalimie vizuri, na uchukue namba yake.

Soma barua yako kabla hujaondoka ofisini kwetu. Ina jina la mkoa, ina tarehe ya mwisho, ina kichwa cha utafiti. Ukihama kutoka Dodoma kwenda Singida kwa sababu una shangazi huko, barua haihami nawe. Kichwa nacho kiwe kilekile kilichopitishwa na kamati, neno kwa neno. Ukitaka kukibadilisha, omba rasmi, kwa sababu mwishoni nitalinganisha jalada la tasnifu na kumbukumbu za kamati, na zikitofautiana utarudi nyuma.

Usajili ni wa kila mwaka, hata ukiwa porini na dodoso zako. Wengine hudhani asiyeingia darasani hasajiliwi, kisha tasnifu inakuja na jina halimo kwenye mfumo. Ukijifungua, ukiugua au ukihamishwa kituo cha kazi, omba kuahirisha masomo wakati huohuo. Kuomba mwaka ukishapita ni kumpa kila mtu kazi ngumu, na wewe ndiye utakayeumia.

Makala msinunue ovyo. Muulizeni mkutubi kuhusu Research4Life. Nchi kama yetu hupata majarida mengi humo bila malipo kupitia chuo. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukituma dola, achana nalo. Na hizi programu za akili bandia za kuandikia, kabla ya yote soma chuo chako kinaruhusu nini. Mimi nimeona orodha ya marejeo yenye makala ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mtahini wa nje ndiye aliyezitafuta.

Kuhusu kuwasilisha: vyuo vingi hutaka taarifa ya kusudio miezi mitatu kabla, ili watahini wateuliwe. Nakala za kutahiniwa ni za spairo. Kava gumu lenye maandishi ya dhahabu linangoja hadi masahihisho yapite, kwa hiyo usikimbilie kwa wachapaji. Ukishadifendi, yaani kuitetea tasnifu mbele ya jopo, tengeneza jedwali: safu ya kwanza hoja ya mtahini, ya pili ulichofanya, ya tatu ukurasa. Usipokubaliana na hoja, eleza sababu kwa adabu humohumo. Wasio na jedwali huzungushwa, si kwa ubaya, ila anayekagua hana namna ya kuona walichobadilisha.

Orodha ya wahitimu hupitishwa na Seneti ya chuo kabla ya mahafali, kwa hiyo tarehe unayoiona kwenye kadi ya mwaliko siyo tarehe yako ya mwisho. Yako ni ile ya kikao, iliyotangulia sana. Niulize mapema, nitakuonyesha kwenye kalenda. Ukija njoo na namba ya usajili, na ukiweza usije Ijumaa mchana.