Jibu: Klipu ya muuguzi wetu imesambaa, wodi nzima imevunjika moyo

Dada, umeuliza muuguzi mfawidhi afanye nini baada ya klipu ya muuguzi wa wodi yake akijibizana na ndugu wa mgonjwa kuzagaa WhatsApp. Matusi yanauma, ila kinachoua ari zaidi ni muuguzi kushindwa kujitetea: siri ya mgonjwa inamfunga mdomo, na sekunde 40 za video hazionyeshi kwamba usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa 30. Wenzake wakiona uongozi nao umekaa kimya, wanaanza kujihami. Wanaandika sana kwenye faili, wanaongea kidogo na mgonjwa, kisha wanaomba uhamisho.

Kwa hiyo siku hiyohiyo hifadhi klipu, kiungo chake na saa iliyowekwa. Chukua nakala ya ratiba ya zamu na ripoti ya makabidhiano. Idadi ya wagonjwa na wauguzi ndiyo ushahidi wenu. Muuguzi aandike maelezo yake akiwa ametulia, na asijibu mtandaoni hata kwa akaunti ya rafiki. Taarifa kwa umma itoke kwa mganga mfawidhi, bila jina wala ugonjwa wa mtu. Kama mgonjwa anaonekana, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo mna msingi wa kuomba klipu iondolewe.

Kosa kubwa ni kumsimamisha kazi hadharani kabla ya uchunguzi, ili kutuliza watu. Wodi nzima inasoma hapo kwamba kesho yatawakuta wao. Na akikutwa kweli alikosea, ashughulikiwe kwa utaratibu, faragha.