DNA ya uvimbe wa ovari isiyo ya kawaida

SWALI: Mama mdogo ametolewa uvimbe wa ovari. Ripoti inasema ni saratani ya hatua ya 1, na DNA ya seli si ya kawaida, kiwango 1.6. Je, ni saratani kali?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Seli ya kawaida ina kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba DNA), na DNA yake huhesabiwa 1.0. Kwa hiyo 1.6 ina maana kwamba seli za uvimbe huo zimebeba DNA zaidi kwa takriban asilimia 60. Zinapogawanyika hazigawi kromosomu sawasawa, hivyo huzaliwa seli za kila namna, na zenye uwezo wa kusambaa au kuhimili dawa ndizo huendelea. Uvimbe wa aina hii kwa wastani hurudi zaidi kuliko wenye DNA ya kawaida.

Katika hatua ya 1 kipimo hiki kina uzito, maana hapo ndipo huamuliwa kama dawa za saratani ziongezwe baada ya upasuaji. Hata hivyo, msikiegemee peke yake. Mwulizeni daktari aina ya saratani, gredi yake (seli zinavyotofautiana na za kawaida), na kama uvimbe ulipasuka wakati wa kutolewa.

Sampuli nayo huweza kudanganya. Kwa kipimo hiki, nyama ya uvimbe iliyohifadhiwa kwenye parafini (aina ya nta) hukatwa vipande vinene, kama mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Vikiwa vyembamba, viini vya seli hukatika na DNA huonekana pungufu. Na seli za kawaida zikijaa, zile mbaya hufichika.