Mleta mada, mama yenu hakuwaomba ruhusa: mimi nimeolewa nina miaka 63

Mleta mada umeuliza mfanye nini na mama yenu, mjane wa miaka 58, aliyewaita nyumbani akawaambia ana mchumba. Neno "aibu" umeliandika mara tatu, nimehesabu. Majibu mengi hapo juu ni ya vijana wa rika lako, kwa hiyo ngoja na bibi wa Tanga niseme langu, maana haya yamenikuta mwenyewe.

Marehemu mume wangu alifariki 2013. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila aliniona nina miaka 21, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, na kwa miaka 34 kila jambo kubwa lilinifikia likiwa limeshaamuliwa. Eda nilikaa miezi minne na siku kumi, ikaisha. Wenzangu nyumbani hawakuihesabu kuwa imeisha. Walitaka nikae nayo mpaka kaburini. Na nikakaa kweli, miaka mitano, kutoka darasani kuingia ndani, Jumamosi wajukuu, Jumapili wajukuu.

2018 nikastaafu kwa umri. Kwenye kiinua mgongo nikamega kidogo nikanunua baiskeli. Asiyeijua Tanga ataona ajabu, lakini mji wetu ni tambarare, baiskeli ni miguu ya watu, wake kwa waume. Mimi nimezaliwa Ngamiani hapahapa nikazeeka siwezi kuiendesha, kwa kuwa baba alikataa, kisha mume akakataa. Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha, kila baada ya swala ya alfajiri, yeye anashika kiti mimi napiga mayowe. Nilianguka sana. Goti la kushoto lina kovu mpaka leo. Wanangu walicheka, wakaweka na picha kwenye grupu la familia. Hicho kicheko kikumbuke, nitakirudia.

Siku ya kwanza niliyofika Raskazoni peke yangu nilikaa kutazama bahari natafuna embe bichi la pilipili, saa moja na nusu asubuhi, na hapakuwa na kiumbe aliyejua niko wapi. Nilishtuka jinsi nilivyofurahi. Maisha yangu yote nimesifiwa upole. Kumbe mimi si mpole hata kidogo, nilikuwa sijapata pa kuuvulia ule upole tu.

Mwanamume alikuja baadaye. Naam, kuna mmoja alimtangulia, tulijuana kwenye simu, maneno asali, wiki ya tatu mzigo wake "umekwama bandarini" na anahitaji milioni mbili. Nikamfungia namba. Hili ndilo la kumuuliza mama yenu, mleta mada: huyo mtu ameshamkopa? Anakuja kwake mchana, watu wanamwona? Wastaafu tunawindwa, hiyo ni kweli, na hapo mtoto ana haki ya kuwa macho.

Wangu mimi ni mstaafu wa bandari, mjane mwenzangu, anatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini kwa kupoteza muda. Maneno yake ya kwanza kwangu: "Mwalimu, upepo umezidisha. Tairi likishiba hivi kila kijiwe utakihisi." Akautoa kidogo, akakataa hela. Nikawa napita. Ananiuliza leo umefika wapi, halafu ananyamaza anasubiri. Sikuwa nimezoea mwanamume aulize kisha asubiri jibu, mara za mwanzo nilikuwa nababaika. Tanga tunasifika nchi nzima kwa mahaba, lakini mimi hicho chuo nilikuwa nimepita nje ya uzio.

Nilipowaambia wanangu, 2021, wale waliocheka nilipoanguka na baiskeli hawakucheka. Kimya. Mkubwa akasema, "Mama, watu watatuonaje?" Kisha akatangaza kwamba yeye kama walii wangu, yaani msimamizi wa kuniozesha, haozeshi. Sheikh wa mtaani akamweka sawa kwa adabu: kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto si walii wa mama yake kwa sababu tu amemzaa. Baba yangu hayupo, babu hayupo, walii ni kaka yangu. Kaka yangu ana miaka 70 na alikuwa ameshakubali kabla hata chai haijapoa. Na upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na amtakaye, mila iseme isemavyo. Imeandikwa hivyo tangu mimi nina miaka 13.

Sasa lile ambalo hukuliandika ila linasomeka: nyumba. Kwetu, mirathi ya marehemu ilikwisha zamani Mahakama ya Mwanzo, mimi thumuni yangu, yaani sehemu moja ya nane, watoto zao, kila mtu akasaini. Hapo hapakuwa na neno. Kulikuwa na nyumba yangu mimi ya Pongwe, niliyojenga kwa mshahara. Niliwaambia waziwazi: nikifa nikiwa mke wa mtu, mume wangu ana robo, kwa kuwa nina watoto. Kama hilo linawakosesha usingizi semeni sasa. Binti yangu wa mwisho alilia, si kwa robo, kwa aibu ya kuwa tumelitaja. Lakini baada ya siku ile mazungumzo yalikuwa mepesi. Kaeni na mama yenu mlitaje. Mkilizunguka mtamchukia mzee wa watu bure.

Mahari nilitaja mwenyewe: laki moja, na dinamo na taa ya baiskeli ili nirudi baada ya magharibi. Sheikh alirudia kuuliza, akidhani hakusikia vizuri.

Na wale akina mama walioniandikia pembeni wakiuliza "mambo mengine": tulipima kwanza wote wawili, virusi, sukari na presha. Nikamfuata somo wangu, yaani kungwi, ana zaidi ya miaka 80, nikamweleza kwamba mwili baada ya hedhi kukoma umekuwa mkavu na nina hofu. Alicheka mpaka kanga ikamvuka. Kisha akaniambia nisikae na maumivu nikadhani ndio uzee, niende kwa daktari. Nilienda. Vipo vilainishi vinauzwa duka la dawa, na zipo dawa za kuandikiwa. Mengine siyasemi hapa, wajukuu wangu wanasoma jukwaa hili.

Mkubwa wangu bado anamwita "mzee", hajawahi kumwita baba, na sijamlazimisha. Ana baba yake. Sikukuu iliyopita alimletea baiskeli ya mwanawe iliyokatika mnyororo. Walikaa chini ya mwarobaini saa nzima, sijui waliongea nini, sikuuliza.

Mleta mada, ukirudi andika amejibu nini kuhusu mkopo. Kengele ya baiskeli inalia hapo nje mara ya pili sasa, naitwa.