Get ni kama "piga" yetu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhudumia wageni hotelini, kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza mtakachokisikia kuanzia chai ya asubuhi mpaka mgeni wa mwisho anapoomba ufunguo: get. Shuleni tuliambiwa ni "kupata", basi. Nilianza kazi na maana hiyo moja tu, ikaniponza wiki ya kwanza.

Mgeni alikuwa ameshika bili, hesabu ya huduma haimwingii. Nikamweleza. Akasema, I don't get it. Mimi nikasikia "sijaipata", nikaenda mbio kaunta kuchapisha nyingine, nikamwekea mezani. Akarudia maneno yaleyale, sasa kwa ukali. Mzee wa watu alikuwa anasema haelewi, nami namletea karatasi.

Mtu anayejifunza Kiswahili akikariri kwamba piga ni kuchapa, atafanyaje na piga pasi, piga simu, piga deki? Sisi hazitusumbui kwa sababu sikio letu linasubiri neno linalofuata. Basi get nayo isubirini hivyohivyo. Likifuata jina la kitu, mara nyingi ni kupata au kuleta: can you get me a towel, niletee taulo. Likifuata neno la hali, kitu kinageuka: the soup is getting cold, supu inapoa. Pakifuata mahali, ni kufika, na hapo wengi hukosea. Get to the airport ni sawa, lakini get to home si sawa. Home, here na there hazitaki to, zimeshabeba mahali ndani yake kama "nyumbani" ilivyobeba -ni.

Usafiri nao una mambo. Sisi tunapanda basi, tunapanda teksi, neno ni lilelile. Wao basi, treni, ndege na boti ni get on, na kushuka ni get off. Gari dogo na teksi ni get in, na kushuka ni get out. Ukisema get on the taxi umemwambia mgeni apande juu yake.

Get married ni kuoa na pia kuolewa, na hufuatwa na to, kamwe si with, hata kama kwetu mtu huolewa "na" fulani. Wamarekani mara nyingine watasema gotten pale Mwingereza anaposema got, msiwasahihishe.

Wageni wawili wakila pamoja, mmoja akasema I'll get the bill, huyo ndiye anayelipa. Mpelekeeni yeye bili.

Wekeni daftari dogo mfukoni mwa aproni, muandike sentensi nzima kama mgeni alivyoisema, si get peke yake. Langu bado ninalo. Mstari wa kwanza: I don't get it, na mbele yake, sielewi.