Karakana ya nguzo kwa hela kidogo

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi fundi seremala wa Buhongwa hapa Mwanza, nataka kujijengea banda la karakana kwa nguzo za miti maana tofali sina uwezo. Naogopa mchwa na upepo wa ziwani, nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwenye nguzo usibane hela kabisa, chukua zilizotiwa dawa kiwandani, ukipaka oili chafu juu juu mchwa anapita katikati na nguzo unaiona nzima kumbe ndani unga mtupu. Chimba futi 3, ukigonga jabali, na Mwanza utagonga tu, sogeza shimo, usikate nguzo. Shindilia udongo kidogo kidogo. Upepo huwa unanyanyua paa, kwa hiyo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, funga kwenye nguzo kwa bolti, misumari peke yake haitoshi. Kuta na sakafu utamalizia taratibu ukipata kazi.