Hizo jinzi usizikate kesho, nakuomba

Weka mkasi chini. Swali lako sijalimaliza hata kulisoma. Nimefika pale unaposema jinzi tatu za mguu ulionyooka ulizonunua jana Kariakoo unazipeleka kwa fundi kesho asubuhi azifupishe ziishie juu ya kifundo, jasho likanitoka. Hayo ya viatu gani vya kuzivalia ofisini Ijumaa, kwenye sendofu ya binamu yako na ufukweni Jumapili tutayafikia. Kwanza huyo fundi asikuone.

Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo. Jinzi tatu, kila moja 65,000, hesabu mwenyewe. Kuna dada mmoja wa mtandaoni, kazi yake kuzunguka mbele ya kioo, alisema: "Kata vidole viwili juu ya kifundo, umemaliza." Umemaliza! Yake ilikuwa ya kuvutika, tena imeshafuliwa mpaka imechoka. Zangu lebo ilisema pamba asilimia 100, na bado zilikuwa zinanuka duka. Hilo hakulisema, labda lingeharibu video.

Fundi naye, mtu mzima, cherehani yake imeona mengi kuliko mimi. Akanisimamisha pekupeku kibandani, akapiga chaki mguu mmoja, kata. Mguu wa pili akaulaza juu ya wa kwanza, kata. Zote tatu hivyo hivyo, elfu tisa. Nikamwongezea na ya soda, mjinga mimi.

Nikazifua kwa maji ya moto, nikazianika juani. Zilivyokauka zikawa zimeruka vidole vitatu vizima. Ziligoma pale mguu unapoanza kunenepa, miguu yangu ikawa kama mchi wa kinu. Na mguu mmoja wa kila jinzi ulijipinda, mshono wa pembeni ukaja mbele, kwa hiyo hata pindo hazikulingana. Nilivaa moja ofisini Ijumaa kwa ubishi tu. Mlinzi getini akaniuliza, "Dada, Jangwani kumejaa maji?" Mwezi wa nane ule, jua kali. Nikacheka naye ili asijue kimeniuma. Halafu nikakaa kwenye kikao, goti likavuta kitambaa juu, nikashinda miguu nimeificha chini ya kiti kama mtoto aliyechelewa shule.

Sasa sikiliza. Kitambaa cha jinzi nyuzi zake za buluu ndizo zinazokwenda na urefu wa mguu, zile nyeupe zinapita upana. Za urefu kiwandani zinavutwa sana, zikipata maji zinarudi. Ndiyo maana jinzi inaruka kwa urefu zaidi kuliko kiuno. Iliyosinyazwa vizuri kiwandani hupungua asilimia 1 hadi 3. Kwenye mguu wa sentimita 70 hiyo inaweza kufika sentimita mbili, na kwa suruali ya kuishia juu ya kifundo, sentimita mbili ndiyo tofauti ya kupendeza na kuchekwa. Ambayo haikusinyazwa inaweza kukaribia asilimia 10. Hapo unabaki na pensi.

Kwa hiyo: fua mara mbili, anika, ndipo ukunje kwa pini. Usikate. Vaa na pini zako ndani ya nyumba, na viatu vile vile utakavyotokea navyo, kisha KAA. Panda ngazi. Kaa kama uko nyuma ya bodaboda. Ukiona shavu la mguu, shusha. Ukiridhika fua tena, ndipo uende kwa fundi, na umwambie apime kila mguu peke yake ukiwa umeivaa. Akinuna, anune. Na abakize pindo la ndani la vidole viwili, siku ukijuta lipo la kushusha.

Ndiyo maana siku hizi nafupisha za mitumba tu. Ya soko la Karume imeshafuliwa na wenye nazo huko Ulaya, ilichotaka kuruka imeshakiruka. Mtu akikuambia mpya ya dukani ndiyo salama zaidi, mwulize yeye alikata ngapi.

Eeh, viatu. Ofisini skuna zenye ncha au simpo, blauzi ichomekwe, kifundo kionekane kidogo. Ufukweni kobazi, hata ndala, nani anakuangalia. Raba zinazofunika kifundo achana nazo, zinakula ile nafasi yote uliyolipia fundi.

Yule fundi nilimrudia nikalia. Akasema tuongeze kipande cha kitenge chini, "itakuwa fasheni." Nikamkubalia kwa moja, nikawa nimevaa dirisha lenye pazia. Ya pili nimeifanya pensi. Ya tatu nimempa mtoto wa shangazi, kiuno tunalingana ila mimi namzidi kichwa kizima. Inamfikia pale pale juu ya kifundo, anapendeza hadi nakasirika.

Ya sendofu vaa gauni.