Bolivia kwa basi: anzia chini, panda pole pole

Kama kuna kitu kimoja nitakachokuomba unisikilize kuhusu Bolivia basi ni hiki, usianzie La Paz. Najua ndege nyingi zinakupeleka huko na picha nyingi nzuri za mtandaoni ni za huko, ila uwanja wenyewe uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa haraka, kambi ya Horombo iko mita 3,720, na pale unafika kwa miguu siku ya pili huku mwongozaji anakwambia pole pole kila dakika, sasa fikiria umetoka usawa wa Dar, unashuka kwenye ndege na begi lako na tayari umeipita Horombo. Rafiki yangu tuliyepanga tukutane huko alifanya hivyo. Siku tatu hakutoka gesti, kichwa kinapasuka, anatapika, usingizi hakuna.

Mimi niliingilia Santa Cruz, mita kama 400 tu, joto lake kama la Morogoro, halafu nikawa napanda kama mtu anayepanda ngazi: Sucre mita 2,800, Potosí 4,000 na kidogo, kisha Uyuni na La Paz ambazo zote ziko mita 3,600 na ushee. Sucre kaa usiku tatu kamili hata kama unaona umemaliza kuuzunguka mji. Wenyeji wanauita ugonjwa wa kimo soroche na hawauchukulii kirahisi, siku ya kwanza ukifika sehemu ya juu usinywe pombe, usile ukashiba sana usiku, maji mengi, na ukiona umeanza kuyumba au kuhema hata ukiwa umekaa, dawa yake ni kushuka, sio kuvumilia. Kabla hujaondoka nyumbani ongea na daktari kuhusu vidonge vya kimo, hasa kama una presha.

Majani ya koka, ambayo wenyeji wanayatumia kupunguza soroche, utapewa tu. Mimi nilipewa na mama niliyekaa naye siti moja kwenda Potosí, alikuwa na mfuko mzima mapajani, akanionyesha unavyoyaweka shavuni bila kuyatafuna sana na unaacha tu yatoe maji yake. Kule ni halali, yanauzwa sokoni kama mchicha, na chai yake inatuliza tumbo. Ila usibebe hata jani moja kurudi nalo, nchi nyingi wanakuhesabia umebeba dawa za kulevya, na kama kazini kwenu mnapimwa mkojo achana hata na chai.

Sasa mabasi. Tiketi kata stendi mwenyewe siku moja kabla, ulizia siti inayolala, na kumbuka kuna kakaratasi kengine ka ushuru wa stendi unalipia pembeni, wazo ni lile lile la kulipia kuingia pale Mbezi Magufuli. Usiku vaa kila ulichonacho. Basi letu la Uyuni kwenda La Paz hita ilikuwa haifanyi kazi, kioo kikaganda barafu kwa ndani, nilichokuwa nacho ni jaketi moja na kanga ya mama, na ile kanga ndiyo iliyoniokoa miguu. Choo kama kipo mara nyingi kimefungwa kwa hiyo usinywe chai lita nzima kabla ya safari.

Kitu kingine ni bloqueo. Wananchi wakiwa na madai yao wanafunga barabara kwa mawe na matairi, inaweza kuwa masaa matatu inaweza kuwa wiki, na hakuna basi litakalopita. Mimi nilikwama siku mbili Sucre. Usikasirike na wala usijaribu kupita kwa nguvu, weka siku tatu za ziada kwenye ratiba yako, uwe na pesa mkononi na usipange ndege ya kurudi kesho yake. Sucre yenyewe ni mji mweupe mzuri mno, uhuru wao ulisainiwa hapo tarehe 6 Agosti 1825, na mpaka leo ndio makao makuu kikatiba ingawa serikali inakaa La Paz, Mtanzania hilo halihitaji kuelezewa mara mbili.

Potosí iliniumiza. Ule mlima mwekundu unaouona kutoka kila kona ya mji, Cerro Rico, umechimbwa madini ya fedha tangu 1545, na watu waliopotea humo hawana idadi. Watalii wanauziwa safari za kuingia migodini, mimi sikuingia na sikushauri, mle kuna vijana wanafanya kazi kweli na vumbi lile linaua mapafu. Nenda Casa de la Moneda, jumba walilokuwa wanatengenezea sarafu. Waafrika walioletwa kwa utumwa walifanya kazi Potosí, kwenye kile kile kimo kilichokuwa kinanikata pumzi nikipanda ngazi kumi. Nilisimama mbele ya zile mashine za mbao muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Uyuni kila mtu anaijua kwa picha. Ni chumvi tupu, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kati ya Desemba na Machi maji yakitulia juu yake unaona mawingu chini ya miguu, miezi ya Juni na Julai ni kavu lakini usiku unashuka chini ya sifuri mbali sana. Chukua safari ya siku tatu na Land Cruiser, uliza dereva anabeba spea tairi ngapi, miwani ya jua ni lazima, chumvi inarudisha mwanga ukaungua mpaka chini ya kidevu. Flamingo wa Laguna Colorada walinikumbusha Natron.

Ukiwa mweusi jiandae na jambo hili. Kuna imani ya zamani kule kwamba ukimwona mtu mweusi unamfinya aliye karibu yako na kusema suerte, yaani bahati. Nilifanyiwa sokoni La Paz, mara mbili siku moja. Wabolivia weusi wamelipinga hilo miaka mingi, katiba ya 2009 inawatambua na 2010 ikapitishwa sheria namba 045 dhidi ya ubaguzi, kwa hiyo huna sababu ya kucheka ili wao wajisikie vizuri. Mimi nilimwambia yule mama muuza viazi kwa Kihispania changu kibovu kwamba inaniuma, akaniomba radhi, akaniita caserito kama anavyowaita wateja wake wote.

Ndiyo maana safari yangu niliimalizia Yungas, mabonde yenye joto yalipo makazi ya Wabolivia weusi. Pale La Paz panda kwanza yale magari ya kwenye waya, Mi Teleférico, uone mji wote ulivyojaa kwenye shimo lake, halafu kesho yake chukua hiace ya Coroico kutoka Villa Fátima. Inapanda mpaka mita 4,600 na kitu penye baridi na ukungu kisha inashuka, inashuka, masikio yanaziba, unaanza kuona migomba, michungwa, kahawa. Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha Tocaña, wanaoishi pale wengi ni uzao wa wale walioletwa kwa utumwa, na ngoma yao inaitwa saya. Usiende na kamera imetangulia, salimia kwanza, nunua chakula chao, kaa. Bibi mmoja aliponisikia natokea Afrika alinishika mkono hakuuachia, akaniuliza huko kwetu migomba tunaipanda vipi, na tukakaa pale mpaka jua linazama tunaongelea migomba.